Mstari wa Baba Siku ya Kumchagua Mwamuzi

Mjukuu wangu Chebet,

Huku Kabazi sote tu wazima. Umeuliza kama hakimu aliyekupa ushindi kesini huko ng'ambo, ambako mahakimu hupigiwa kura, anastahili kura yako.

Nikiwa shuleni, miaka ya hamsini, wafanyakazi wa shamba la mzungu walimchagua mwamuzi wa kesi zao kwa kupanga mstari nyuma yake. Mzee Kiprono, aliyekuwa mwamuzi, alikuwa amempa baba ushindi katika kesi ya ndama. Lakini siku hiyo baba alisimama nyuma ya mpinzani wa Mzee Kiprono.

"Wewe, umekosea mstari!" watu wakacheka.

Mzee Kiprono alishindwa kwa tofauti ya mtu mmoja.

"Baba, si alikupa ndama?" nikanong'ona.

"Nilidanganya, naye akaniamini upesi mno."

Ndama alibaki zizini kwetu. Hadi leo sijui nani alipaswa kuona aibu.

Babu yako