Sijda Moja kwa Mama

Garam, natamani ardhi inimeze.

Tulienda mpakani na darasa la historia. Babu mmoja alikuwa peke yake madhabahuni, ameelekea Kaskazini, amemwandalia peasi mama yake aliyebaki huko walipopotezana vitani. Akasujudu mara moja, akaanza kukunja mkeka.

Na mimi na kiherehere changu! "Babu, bado moja. Wafu husujudiwa mara mbili."

MBELE YA DARASA ZIMA, Garam!

Hata hakukasirika. "Mjukuu wangu, nani kakuambia amekufa? Nikisujudu ya pili, mimi ndiye nitakuwa nimemzika."

Bado moja. Eti nikamwambia bado moja!

Sasa wenzangu wanacheka huko nyuma ya basi. Nimekaa mbele peke yangu.

Garam, babu mwenyewe ana miaka tisini.