Mke wa Tatu wa Mshairi

Jumanne.

Baba amenikera mpaka basi. Tangu apofuke mimi ndiye macho yake. Jana nilimsomea maisha ya mshairi mmoja Mwingereza wa kale, kipofu pia, aliyeoa mke wa tatu na binti yake akasikia kwa mtumishi, akakasirika.

"Msichana hana shukrani huyo," Baba akasema.

Leo akanituma Jogoo Road ninunue blanketi na sukari. Nilidhani ni za shangazi. Kumbe ni za mahari! Mwenye duka ndiye aliyeniambia: "Hongera, Jumamosi unaletewa mama mpya."

Mama hajamaliza mwaka kaburini.

Jioni Baba akaniuliza tulikuwa tumefika wapi kwenye kitabu.

"Pale binti anaposikia kwa watu," nikamjibu, nikakifunga.