Ukuta Uliopunguzwa Polepole

Kamenu, Thika
11 Februari 2025

Maitu Warigia,

Habari za Mwihoko, binti yangu uliyebeba jina la mama yangu? Sisi huku tuko salama. Nyonga yangu imepona, natembea hadi kanisani bila mkongojo. Mama yako anakusalimia.

Ule mchezo wenu wa Boma bado naucheza kwa simu. Nilijifunza ili nijue binti yangu anafanya kazi gani huko ofisini Ruiru, na sasa hata vijana wa Juja wananijua: yule mzee anayejenga ukuta na kungoja mpaka adui achoke. Lakini tangu mwaka uanze, kuta zangu zinaanguka. Najenga vilevile, nangoja vilevile, na bado adui anapenya ndani. Sijui nakosea wapi. Guka yako, baba yangu, alianza hivi, kwa vitu vidogo, mpaka akasahau majina yetu. Naogopa, na nakuambia wewe peke yako.

Ni mimi, baba yako.


Mwihoko
16 Februari

Baba mpendwa,

Nimefurahi sana kuhusu nyonga. Mimi niko poa, ila kazi imekaza na kwa ploti yetu maji yamepotea tena.

Usijitie wasiwasi, Baba. Kila mtu hushindwa. Pengine umechoka tu. Pumzisha macho, halafu jaribu jeshi lingine. Nitakuja Pasaka tuongee vizuri.

Binti yako.


Kamenu
27 Mei

Maitu,

Natumai u mzima. Pasaka tulikungoja, lakini kazi ni kazi. Mvua imetosha, mahindi yamesimama.

Boma nimeacha. Nilijaribu yale majeshi mengine nikawa mbaya zaidi. Nimeona nisingoje mpaka nifanye kosa kubwa: kwaya nimemwachia Waruguru, na gari nimempa baba yako mdogo Mburu. Kanisani walishangaa, wakasema naimbisha kama zamani. Nikawaambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Baba yako.


Mwihoko
2 Juni

Baba,

Hamjambo huko? Barua yako niliisoma kazini, ikabidi nitoke nje.

Haikuwa akili yako. Ni mimi. Kuta za Boma zilikuwa na nguvu kupita kiasi, mechi moja inachukua saa nzima, vijana wanachoka wanaondoka. Tungezipunguza mara moja, wanaozipenda wangekasirika. Kwa hivyo nilipewa kazi ya kuzipunguza kidogo, tungoje tuone, halafu kidogo tena, bila kutangaza. Tulikatazwa kumwambia mtu wa nje. Bosi wetu Maxine alisema, "Tukienda polepole hakuna atakayehisi." Wewe ulihisi tangu mwanzo. Hakuna mchezaji mwingine aliyetuandikia.

Ulipomtaja Guka ningekuambia hapo hapo. Nilinyamaza. Nisamehe. Rudi kwa kwaya, na mwambie baba mdogo Mburu akurudishie gari. Huna ugonjwa wowote.

Binti yako.


Kamenu
20 Julai

Maitu Warigia,

Hujambo? Baridi ya mwezi huu imetufungia ndani, lakini mama yako yuko na nguvu.

Barua yako nilimsomea, tukacheka mpaka akatokwa na machozi. Jumapili iliyofuata nilirudi kwa kwaya, na Waruguru akanipisha bila maneno. Gari nalo likarudi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua nianzie wapi. Majuzi nilikuwa mbele ya kwaya, wimbo ni ule ninaoufundisha tangu ujana wangu, mkono nimeinua, na sikujua ubeti unaofuata. Wakaningoja. Nilipotoka nikashindwa kukumbuka njia ya nyumbani. Jirani yetu Muasya alinikuta nimesimama kando ya gari, akanishika mkono.

Tumeenda hospitali. Ni ugonjwa wa kusahau, na umekuwa ukija polepole. Daktari, msichana wa rika lako, aliniuliza, "Mzee, hukuhisi chochote mapema mwaka huu?"

Nikamwambia nilihisi. Halafu nikaambiwa ni mchezo, nikafurahi, nikaacha kujichunguza.

Sikulaumu. Yale uliyoniambia yalikuwa kweli, na yale niliyoogopa pia yalikuwa kweli. Lakini njoo, maitu. Usingoje likizo.

Baba yako.