Rangi ya Kucha Kwenye Pampu

Gereji, Kitale
Jumapili mchana

Mzee Wekesa, fundi wangu,

Leo gereji imefungwa. Nimekuja peke yangu kwa sababu ya ile pikapu yako. Ningekuja kukuambia haya huko Kibabii, kaburini, lakini najua nikifika Mama, mke wako, atanipikia, tutalia, na nitarudi Kitale bila kusema neno. Kwa hivyo nimeketi kwenye benchi lako, lile lenye mguu mfupi ulioahidi kuutengeneza miaka yote tuliyokaa pamoja, na ninakuandikia.

Nina kosa la kukiri, na nusu yake ni yako.

Unakumbuka ulivyonifundisha kufungulia pampu ya dizeli. Nilikuwa msichana wa pekee hapa, watu wakikuuliza kama umeanza kuuza mandazi, na wewe ukanipa bisibisi mbele yao. Wenye malori ya mahindi walikuwa wakikufuata kutoka mbali kwa sababu lori lililopita mikononi mwako lilipanda mlima na magunia yake yote bila kuguna. Siri ilikuwa skrubu moja tu. Unaizungusha kidogo, injini inapata dizeli zaidi, lori linapata nguvu. Halafu unachukua rangi ya kucha ya Mama, ile nyekundu aliyokuwa akiitafuta nyumba nzima kila Jumamosi, unatia tone juu ya skrubu na kulibonyeza kwa kidole gumba, ili tujue kama fundi mwingine ameigusa. Lori likiwashwa na kutema moshi mweusi, ulipiga kofi moja na kusema, "Hiyo sasa imeshiba." Na mimi nilishiba pamoja nalo, kwa maana hakuna mtu aliyewahi kunisifu kama ulivyonisifu wewe.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika alikuja hapa mwanamke mmoja, daftari kwapani. Sista Chebet, muuguzi wa zahanati iliyo kando ya barabara kule Kimilili, pale malori yanapoanza kupanda. Nilidhani gari lake limeharibika. Kumbe alitaka kuniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini watoto wanaletwa kwake wakikohoa zaidi majira ya mavuno, malori ya mahindi yanapopita kwa wingi kuelekea Bungoma. Nilimjibu vibaya, Mzee. Nilimwambia mimi natibu magari, watoto ni wake. Akacheka. "Ndio maana nimekuja," akasema. "Mimi hata boneti sijui inafunguliwa wapi."

Hakuchoka. Alikuwa amekwisha kumpata Mwalimu Barasa, anayefundisha kemia katika shule jirani na zahanati, ambaye aliwaambia wanafunzi watundike vitambaa vyeupe kwenye madirisha yanayotazama barabara. Baada ya wiki moja vilifanana na vitambaa vyetu vya kufutia grisi. Wakamleta Simiyu, yule dereva uliyempenda, na mimi wakanivuta mwisho. Tukakutana darasani Jumamosi asubuhi, watu wanne wazima kwenye madawati ya watoto, na kwa saa nzima hatukuelewana. Mwalimu alieleza habari za mwako usiokamilika, yaani dizeli isiyoungua yote, mpaka Simiyu akamkatiza, "Mwalimu, si uongee tu kama mtu, bana." Simiyu alilaumu dizeli. Sista alilaumu madereva. Mimi nililaumu barabara, ambayo haikuwa na mtu wa kuitetea.

Mwishowe Sista akasema twende tukaangalie malori yenyewe. Yalikuwapo matano sokoni, yakisubiri mzigo, na wenyewe walikubali niyafungue. Kwenye pampu ya kwanza nikaona tone jekundu. Ya pili, tone jekundu. Ya tatu haikuwa nalo, ya nne ilikuwa nalo, na hiyo ya nne niliitia rangi mimi mwenyewe, nakumbuka hata siku yenyewe. Mwalimu aliinama karibu yangu akauliza kama hiyo ni alama ya kiwanda. Simiyu alijua. Akageuka akaanza kukagua gurudumu ambalo halikuwa na neno.

Ningeweza kusema ndiyo, ni ya kiwanda. Mzee, nilitaka sana kusema hivyo. Jina lako bado liko ukutani kwa herufi kubwa, na kila mteja anayeingia hapa anakuja kwa ajili ya hilo, si kwa ajili yangu. Nilisimama pale na bisibisi mkononi nikajiona namchongea mtu ambaye hayupo kujitetea. Halafu nikamwona Sista ameshika daftari lake, akisubiri jibu tu, bila hukumu.

Nikasema, "Ni sisi. Mimi na fundi aliyenifunza."

Hakuna aliyenifokea. Ingekuwa rahisi kama wangenifokea. Simiyu peke yake ndiye aliyeuliza la maana: "Sasa ukifunga, lori itapanda aje?" Tukalijaribu lake. Nilirudisha skrubu nyuma, nikasafisha nozo zinazopulizia dizeli, nikabadilisha filta ya hewa. Simiyu mwenyewe akasema ataingiza gia ndogo mapema, kabla ya mlima, badala ya kukanyaga mafuta katikati. Jambo hilo mimi nisingelijua, wala Mwalimu na kemia yake. Mwalimu akafunga kitambaa cheupe nyuma, karibu na ekzosi. Lori lilifika juu likiwa limechelewa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kitambaa kilirudi na rangi ya vumbi, lakini si cheusi. Sista alikiinua juani akakitazama, akasema hatasherehekea mpaka ahesabu watoto wanaokohoa katika daftari lake msimu wa mavuno ujao. Nampenda kwa hilo.

Tangu siku hiyo nayaita malori yote tuliyoyafungulia, moja moja, yarudi niyafunge. Wenye malori wengine wamenihama. Wengine wanapita nje wakipiga kelele, "Ati Nasimiyu anafunga nguvu za watu!" Nawapungia mkono.

Nilimuuliza Sista kuhusu kifua chako. Kikohozi kile ulichosema ni baridi ya Kitale, ukafa ukisema ni baridi ya Kitale. Alikataa kunijibu. Alisema hawezi kumpima mtu aliyekwisha kuzikwa. Nimekukasirikia, Mzee, nikajikasirikia mimi, halafu nikakukosa tena kama siku ya kwanza. Hukujua. Mimi pia sikujua. Nalirudia hilo kila asubuhi ninapofungua lango, na siku nyingine linatosha.

Basi imebaki pikapu. Mama alinipa baada ya matanga, naiendesha mpaka kwenye mikutano yetu sisi wanne, na Mwalimu akiiona inakuja ananitazama tu. Inatoa moshi kuliko malori. Unakumbuka Mama alikuwa anauona kutoka mbali tukija Kibabii, na tukifika tunakuta chai iko mezani. Nimekuwa nikisema nitaifunga kesho. Lakini tone la pampu hiyo ulilibonyeza wewe, na mistari ya kidole chako bado inaonekana pale, yote, mpaka lile kovu la spana. Sijui mahali pengine duniani ambapo kidole chako kimebaki.

Leo asubuhi nimelivunja. Nilitaka kukitunza kipande, lakini rangi imezeeka, ikawa unga mkononi mwangu. Nililia, usifikiri sikulia. Kisha nikarudisha skrubu, nikaiwasha, nikaenda kusimama nyuma ya ekzosi kama ulivyozoea. Nimesubiri moshi, haukutoka, na kupitia pale ambapo moshi ungekuwa nimesoma jina lako ukutani, herufi zote.

Nimetia tone jipya. Chupa amenipa Mama mwenyewe, akaniambia niinunue yangu ikiisha. Nimelibonyeza kwa kidole changu. Nakuahidi kwamba kila pampu yenye rangi yetu, popote ilipo kati ya hapa na Bungoma, nitaifungua na kuirudisha, na jina lako halitatoka ukutani.

Lala sasa, Mzee. Krismasi nakuja Kibabii na pikapu, na Mama hatauona moshi wetu aweke chai. Yeye nitampigia simu kwanza. Wewe nitakubishia hodi.

Mwanafunzi wako,
Nasimiyu