Gauni Lako, Dada, Limepata Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na ngazi unazipanda bila kuzitukana. Sisi hatujambo. Shemeji yako anakoroma vilevile; hata cherehani yangu imenyoosha mikono.

Najua umenuna. Gauni lako unalidai tangu mwezi wa tatu, na kila ukipiga simu nakuambia vimebaki vifungo tu. Vuta kiti nikueleze, na usinikatize kama kawaida yako.

Unalikumbuka lile ziwa la kitambaa nililojishonea baada ya kukatwa la kushoto? Wewe ndiye uliyenishikia kioo siku ya kulijaribu, ukasema limekaa juu kama kofia ya askari, tukacheka mpaka mshono ukaniuma. Basi mwanzoni mwa mwaka huu, vidonge vya saratani nikiwa nimeshavimaliza tangu mwaka juzi, likaanza kunikataa. Nikijitazama kwenye kioo cha dukani naona nimepinda, kulia kumezidi. Nikalifumua, nikaongeza pamba. Baada ya muda nikalifumua tena. Nilipolishika mara ya tatu, mkasi ukaniponyoka. Fundi mzima nahangaika na ziwa la bandia, kumbe linalobadilika ni la kweli!

Dada, nilijua ugonjwa umerudi. Ziwa limejaa, linauma, chakula sikitaki. Hedhi yangu tangu yale matibabu ilikuja inapojisikia, kwa hiyo wala sikuiwazia. Kinyozi wa jirani, yule tunayemwita Redio, akanitania kwamba nanenepa, lazima nawapunja wateja vitambaa. Nikamjibu kwamba yeye anawapunja nywele na bado amekonda. Kisha nikaingia ndani nikalia juu ya suruali ya mteja.

Daktari wangu, yule mama mwenye mikono ya baridi, alinipapasa, akanipima ziwa, halafu akanilaza kwenye kipimo cha tumbo. Nikamwambia aseme tu, mimi nimeshazoea. Akanigeuzia skrini. Nikamuuliza kama ule ndio uvimbe. Akasema kama ni uvimbe, basi huu una miguu miwili na hautaki kutulia.

Sikukuambia, dada. Wewe ndiye uliyeniogesha, ukanishikia beseni nikitapika. Sikutaka kukupa furaha halafu nije nikunyang'anye. Hata nguo za mtoto sikushona. Mimi ninayewavalisha watoto wa mtaa mzima sikukata hata kofia ya wangu. Niliogopa mkasi ukigusa kitambaa tu, kila kitu kitaharibika. Na mwishoni tumbo halikuniruhusu hata kuifikia cherehani, ndiyo maana vifungo vyako vikalala.

Mtoto akaja Jumatatu iliyopita, kabla ya siku zake, mdogo lakini mwenye mapafu ya muuza samaki. Muuguzi akamtuma shemeji yako nyumbani akalete nguo za mtoto. Maskini akapekua kila kabati, asione kitu. Akarudi anahema, kakumbatia gauni lako. Muuguzi akalitazama, akauliza mtoto anatarajiwa kuwa na ukubwa gani. Tukamfunga nalo hivyohivyo, mikono ya gauni ikiburuzika sakafuni.

Ananyonya la kulia na anashiba. La kushoto alilitafuta mara moja, akaninunia kama mteja aliyekuta duka limefungwa, akahamia upande wa pili. Na daktari amenipima upya kila mahali: hakuna kitu. Nilimwomba arudie kusema, akarudia.

Kwa hiyo gauni usilisubiri tena. Jana nimelikata, na hakuna kilichoharibika. Limetoa vigauni vinne na kofia. Njoo umwone, Mama Mkubwa. Ni wa kike, ana kidevu chako, na kununa pia kachukua kwako.

Wasalimie wanao, waambie wamepata mdogo wao. Shemeji yako anakuangukia miguuni. Mwanao mpya naye anakusalimu kwa sauti. Redio amesikia, basi mtaa mzima umesikia.

Vifungo vyako nimevitunza.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi