Kibugu Wanakubali Kila Kitu

Mama,

Pole na jua la Mitunguu. Huku Embu nimevaa sweta mbili. Leo tulifundishwa kuchora mishale kwenye kompyuta, kuonyesha jinsi imani ya mkulima kwa ushirika inavyogusa mapato yake. Mchoro wangu uligoma. Mwalimu alipotazama majibu niliyokusanya kijijini Kibugu, akacheka. Wakulima wote walijibu "nakubali sana," nilipouliza kama majani chai yanawatajirisha, na pia nilipouliza kama yanawafilisi. Kompyuta ikakosa cha kupima.

"Ulikuwa mgeni wao," akasema. "Nani angekukatalia?"

Kweli, hata chai walinipa.

Sasa Mama, jana kwa simu uliniambia goti limepona. Mimi si mgeni. Linaendeleaje?

Akupendaye sana,
Kawira