Umeme Unaokata King'amuzi Peke Yake

Shoga uko wapi? Nimeumbuka leo, nimeumbuka!

Unakijua kile king'amuzi kikuukuu cha mume wangu, cha kurekodi mechi? Kampuni ilishakitelekeza. Siku hizi umeme ukikatika saa yake inavurugika, akikitegeshea mpira kinarekodi mapishi.

Na anayejua kukirudisha ni yule fundi wake wa kike TU. "Fundi wangu, njoo, kimezima tena." Sauti ya asali! Mimi naitwa "we mama".

Basi leo nikachomoa waya wake tena, makusudi. Nikasema aje, niwaone wanavyotazamana.

Kaja. Hata hakumtazama mume wangu. Kanifuata mimi jikoni, kaninong'oneza: "Dada, umeme gani huu unaokata king'amuzi, friji unaiacha?"

FRIJI UNAIACHA! Nilitamani ardhi ipasuke.

"Nakuomba uache. Kila ukichomoa, mumeo ananipigia simu mchana kutwa. Sasa mume wangu ananihoji, huyu mwanamume ni nani."

Yaani mtu ana wivu na huyu wangu! Huyu anayekoroma!

Nikamwomba radhi, nikamwapia sirudii tena.

Lakini shoga, niambie ukweli. Kuja kurekebisha saa ya king'amuzi, wanja wa nini?